Jina Langoni, Namba Kaburini

Katika mji wa Waltham, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kuna makaburi madogo yaliyojificha kwenye miti. Humo wamelala watu wapatao 300, waliozikwa kati ya 1947 na 1979. Mawe yao hayana majina. Kila jiwe lina herufi moja, C kwa Mkatoliki au P kwa Mprotestanti, na namba. Basi.

Marehemu hao walitoka katika taasisi mbili za jirani. Mojawapo ilikuwa makao makubwa ya watu wenye ulemavu wa akili, na makao hayo yalikuwa na jina, tena jina la mtu: Walter Fernald, daktari aliyeyaongoza tangu 1887 hadi alipofariki mwaka 1924. Mwaka uliofuata yalipewa jina lake, iwe heshima kwa utumishi wa maisha yake yote. Mkuu akapata jina langoni, na waliotunzwa na taasisi hiyo wakaja kupata namba kaburini.

Kwa muda mrefu hivyo ndivyo heshima ya umma ilivyogawanywa kila ilipohusu watu wenye ulemavu wa akili. Nishani, sanamu, majina ya majengo na mitaa vilikwenda kwa waliohudumia. Waliohudumiwa walitajwa kwa idadi. Historia ya heshima hizo ina watu waliostahili kila walichopewa, ina waliovishwa nishani huku mikono yao ikiwa na damu, na mwishoni kabisa ina wachache waliotoka ndani ya taasisi zenyewe wakaitwa mbele ya taifa kwa majina yao.

Mambo hayakuanza vibaya. Mwaka 1848 Samuel Gridley Howe, daktari wa Boston aliyekwisha kujipatia sifa kwa kufundisha wasioona, aliliomba Bunge la Massachusetts fedha za kujaribu jambo ambalo wengi waliliona upuuzi: kuwapeleka shule watoto wenye ulemavu wa akili. Akapewa dola 2,500 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, pamoja na watoto kumi wa kuanzia. Howe alikuwa mtu wa nishani tayari, ila yake ilikuwa ya vita. Ujanani alikwenda Ugiriki kutibu majeruhi na kupigana upande wa Wagiriki walipokuwa wakidai uhuru kutoka kwa milki ya Uturuki, na mfalme wa Ugiriki akamtunukia nishani yenye cheo cha heshima. Kule Boston rafiki zake wakazoea kumwita kwa cheo hicho.

Jaribio lilifaulu, na shule ikawa ya kudumu. Lakini kadiri taasisi za aina hiyo zilivyoongezeka, Howe aliingiwa na wasiwasi. Mwaka 1866, akihutubia huko Batavia, jimbo la New York, alionya kwamba si busara kuwakusanya watu wenye ulemavu wa aina moja mahali pamoja na kuwatenga na wengine; mahali pao ni katikati ya jamii. Warithi wake hawakumsikiliza. Shule aliyoianzisha ilihamia Waltham ikawa makao, makao yakapanuka, na kufikia katikati ya karne ya 20 yalikuwa na wakazi zaidi ya 2,000.

Fernald aliyakuta makao yakiwa bado madogo, akayakuza. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa miongoni mwa waliohubiri kuwa watu wenye ulemavu wa akili ni chimbuko la uhalifu na umaskini, na kwamba watengwe ili wasizaane. Baadaye aliwafuatilia watu walioruhusiwa kutoka katika makao yake kwa kipindi cha miaka 25, akakuta kuwa wengi wao waliishi kwa amani na kufanya kazi zao, akaanza kulegeza msimamo. Wakati huo sheria zilizotungwa kwa kutegemea mahubiri ya aina hiyo zilikuwa zimekwisha kusambaa.

Kati ya 1946 na 1953, watafiti wa chuo kikuu cha MIT, wakisaidiwa na kampuni ya Quaker Oats, waliwalisha wavulana wa makao ya Fernald uji wa shayiri wenye chembechembe za mionzi, ili kuona jinsi mwili unavyopokea madini ya chuma na kalisi. Wavulana waliambiwa kuwa wamechaguliwa kuingia klabu ya sayansi, wakapewa zawadi na kupelekwa kutazama mechi. Wazazi waliombwa ridhaa kwa barua zisizotaja mionzi hata kidogo. Habari hizo zilipofichuka katika miaka ya 1990, Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 1995 kwa majaribio yote ya mionzi yaliyofanyiwa raia, na mwaka 1998 chuo na kampuni wakakubali kulipa dola milioni 1.85. Makao yalifungwa mwaka 2014. Baadaye wanafunzi wa sekondari moja ya Waltham walipekua kumbukumbu, namba moja baada ya nyingine, ili kujua ni nani amelala chini ya kila jiwe.

Ukitoka Waltham ukaenda Vienna, mji mkuu wa Austria, utakuta kisa kizito zaidi.

Kuanzia 1940 hadi 1945, chini ya utawala wa Wanazi, ndani ya eneo la hospitali ya Steinhof palikuwa na kituo cha watoto kilichoitwa Am Spiegelgrund. Waliletwa humo watoto wenye ulemavu wa akili, wenye kifafa, na wengine wasio na ulemavu wowote ila walitoka katika familia ambazo utawala ulizihesabu kuwa duni. Watoto 789 walifia humo. Wengi waliuawa kwa dawa za usingizi na njaa, na vyeti vya vifo vikaandikwa homa ya mapafu. Bongo za mamia yao zilihifadhiwa kwenye chupa.

Heinrich Gross alikuwa mmoja wa madaktari wa kituo hicho. Baada ya vita alishitakiwa, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili mnamo 1950, lakini hukumu ikatenguliwa na kesi haikurudiwa. Akarejea kazini, akajenga jina la kisayansi kwa kuchunguza bongo zilezile, na akawa mmoja wa wataalamu wa magonjwa ya akili walioaminiwa sana na mahakama za Austria. Mwaka 1975 Jamhuri ikamtunukia Msalaba wa Heshima wa Sayansi na Sanaa, daraja la kwanza. 

Katikati ya miaka hiyo ya 1970 Gross alitumwa na mahakama kumpima mfungwa mmoja aitwaye Friedrich Zawrel. Mfungwa akamtambua. Zawrel alikuwa ameletwa Spiegelgrund akiwa mtoto. Hakuwa na ulemavu wa akili, kosa lake lilikuwa kuzaliwa katika familia maskini ya mlevi. Huko alichomwa sindano za kumtapisha na kumtia maumivu, hadi muuguzi mmoja alipomwachia njia akatoroka. Alipomkumbusha daktari walikokutana, Gross aliandika ripoti kali ya kutaka mfungwa huyo abaki gerezani. Zawrel akafanikiwa kupitisha habari zake kwa waandishi na kwa madaktari vijana waliokuwa wakichimba historia ya taaluma yao, na polepole ukweli ukatoka.

Hata hivyo Gross hakuhukumiwa tena. Kesi ya mauaji iliyofunguliwa dhidi yake mwaka 2000 ilisimamishwa kwa madai kuwa uzeeni amepoteza kumbukumbu. Mwaka 2002 mabaki ya watoto yalizikwa kwa heshima katika makaburi makuu ya Vienna. Mwaka 2003 Gross alivuliwa Msalaba wa Heshima; alifariki mwaka 2005. Zawrel alitumia miaka yake ya mwisho akizunguka mashuleni kusimulia aliyoyaona, akatunukiwa nishani na jiji la Vienna na pia na Jamhuri ya Austria, na alipofariki mwaka 2015 alikuwa mtu wa kuheshimika nchini kote. Waliompa Gross nishani mwaka 1975 walitazama sifa zake za kisayansi. Hakuna dalili kwamba walimuuliza mtu hata mmoja aliyelala katika vitanda vya Spiegelgrund.

Nchini Marekani, wakati huohuo, heshima ilikuwa inachukua njia nyingine, kupitia familia yenye siri.

Rosemary Kennedy, dada yake John F. Kennedy, alizaliwa mwaka 1918. Alichelewa kutembea, kusema na kusoma, akakua akiwa na ulemavu wa akili wa kiasi, lakini alicheza dansi, aliogelea na kuandika barua. Novemba 1941, akiwa na miaka 23, baba yake aliwaruhusu madaktari wamfanyie upasuaji wa ubongo uliosifiwa siku zile kuwa unatuliza hasira. Upasuaji ukamharibu. Akapoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kutembea na kusema, akafichwa, na tangu 1949 akaishi katika makao ya watawa huko Wisconsin hadi alipofariki mwaka 2005. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa hadharani.

Aliyelitaja ni mdogo wake, Eunice Kennedy Shriver. Kaka yao alipokuwa rais mwaka 1961, Eunice alimsukuma aunde jopo la wataalamu kuhusu ulemavu wa akili. Mwaka 1963 Bunge likapitisha sheria zilizotokana na kazi ya jopo hilo. Juni 1962 alifungua kambi ya michezo kwenye shamba la nyumba yake huko Maryland, akawaita watoto wenye ulemavu wa akili waje kuogelea, kupanda farasi na kucheza mpira, kila mtoto na kijana wa kumwongoza. Septemba mwaka huohuo akaandika katika jarida la Saturday Evening Post kwamba dada yake ana ulemavu wa akili. Msomaji wa leo anaweza kuona ni jambo dogo. Wakati ule madaktari wengi bado waliwashauri wazazi wampeleke mtoto wa namna hiyo kwenye taasisi na wasahau kuwa walimzaa, na hapa familia ya rais ilikuwa inamtaja wake gazetini.

Kutoka kambi ile ilizaliwa Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, ingawa mimba yake ilitungwa pia Chicago. Mwalimu kijana wa mazoezi ya viungo katika idara ya bustani za jiji hilo, Anne Burke, alitaka kuandaa mashindano ya riadha kwa watoto aliokuwa akiwafundisha, akapeleka ombi kwa taasisi ya familia ya Kennedy. Eunice akamwambia apanue wazo, akampa dola 25,000. Tarehe 20 Julai 1968, kwenye uwanja wa Soldier Field, wanariadha wapatao 1,000 kutoka majimbo 26 ya Marekani na kutoka Kanada walishindana. Majukwaa yalikuwa karibu matupu. Burke baadaye alisomea sheria akapanda hadi kuwa jaji mkuu wa jimbo la Illinois.

Eunice alipata karibu kila heshima ambayo nchi yake inaweza kumpa mtu asiyeshika ofisi ya kuchaguliwa. Machi 1984 Rais Ronald Reagan, wa chama pinzani na cha familia yake, alimvisha Nishani ya Rais ya Uhuru. Mwaka 1995 sura yake iliwekwa kwenye sarafu ya fedha ya dola moja, kuadhimisha mashindano ya dunia ya Special Olympics yaliyofanyika New Haven, Connecticut. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kuwekwa kwenye sarafu ya nchi hiyo akiwa hai. Taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya watoto, aliyoipigania ianzishwe mwaka 1962, sasa ina jina lake.

Heshima inayosema mengi kuliko hizo ni ya mwisho. Mei 2009, miezi mitatu kabla ya kifo chake, Jumba la Picha la Taifa huko Washington lilizindua mchoro wake. Ulikuwa mchoro wa kwanza ambao jumba hilo liliagiza uchorwe wa mtu asiyewahi kuwa rais wala mke wa rais. Mchoraji, David Lenz, ni baba wa kijana mwenye ulemavu wa Down. Alipata kazi hiyo baada ya kushinda shindano la jumba hilohilo kwa kumchora mwanawe. Lenz hakumweka Eunice peke yake kitini kama wakubwa wanavyochorwa. Alimchora akiwa ufukweni amezungukwa na watu watano wenye ulemavu wa akili, na majina yao yanatajwa pamoja na lake.

Mmoja wa watano hao ni Loretta Claiborne. Alizaliwa mwaka 1953 huko York, Pennsylvania, katika familia maskini ya Wamarekani weusi, akiwa na ulemavu wa akili na matatizo ya macho. Hakutembea wala kusema hadi alipokaribia miaka minne. Alipoingia Special Olympics mwaka 1970 alikuwa binti mwenye hasira aliyezoea kuwakimbia waliomtania. Mbio hizo zikawa kazi yake. Amekimbia marathoni nyingi, za Boston zikiwamo, na ana mkanda mweusi wa karate. Mwaka 1996 alipokea Tuzo ya Ujasiri ya Arthur Ashe, ile inayotolewa mbele ya mastaa wa michezo wa Marekani nzima, na vyuo vikuu vimempa shahada za heshima. Claiborne hakutuzwa kwa kuhudumiwa vizuri. Alituzwa kwa aliyoyafanya, na amekaa katika bodi ya kimataifa ya Special Olympics akifanya uamuzi pamoja na wengine.

Kabla heshima haijafika sawasawa kwa wenyewe, ilipata pigo moja zaidi, na safari hii kwa mtu ambaye wengi walikwisha kumwita mtakatifu.

Jean Vanier, Mkanada na mtoto wa Gavana Mkuu wa Kanada, mwaka 1964 aliwachukua wanaume wawili kutoka taasisi ya watu wenye ulemavu wa akili, Raphaël Simi na Philippe Seux, akaanza kuishi nao nyumba moja katika kijiji cha Trosly-Breuil, Ufaransa. Nyumba hiyo ikawa jumuiya, na jumuiya ikawa mtandao wa L'Arche, ulioenea mabara yote yanayokaliwa. Afrika Mashariki umefika Uganda na Kenya. Wazo lake lilikuwa rahisi: wenye ulemavu na wasio nao waishi pamoja, wale meza moja, hakuna mgonjwa wala mganga. Vanier alipewa daraja la juu la Nishani ya Kanada, Jeshi la Heshima la Ufaransa, na mwaka 2015 Tuzo ya Templeton. Shule kadhaa za Kanada ziliitwa kwa jina lake. Alifariki Mei 2019 akililiwa dunia nzima.

Februari 2020 L'Arche yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi iliouagiza: Vanier aliwadhulumu kingono wanawake sita waliomwendea kwa ushauri wa kiroho. Ripoti ya pili, ya Januari 2023, ilitaja wanawake 25, kuanzia miaka ya 1950 hadi karibu na kifo chake. Wachunguzi hawakukuta kuwa yeyote kati yao alikuwa na ulemavu wa akili. Shule zikafuta jina, waliomtuza wakabaki na aibu. L'Arche haikufa. Ilichagua kujianika yenyewe badala ya kulinda jina la mwanzilishi, na jumuiya zake zinaendelea na maisha yaleyale ya kupika, kufua na kusherehekea siku za kuzaliwa. Kazi ilikuwa ya maelfu ya watu, wenye ulemavu na wasio nao, ila sifa zilirundikwa kwa mmoja.

Sasa twende New Zealand, maana huko safari nzima ya heshima hii inaonekana ndani ya maisha ya kizazi kimoja.

Mwaka 1945, karibu na mji wa Levin, serikali ya New Zealand ilifungua makao ambayo baadaye yaliitwa Kimberley. Mwaka 1953 kamati ya serikali iliyoongozwa na Dk. Aitken ilipendekeza watoto wenye ulemavu wa akili wapelekwe kwenye taasisi kubwa kuanzia umri wa miaka mitano hivi. Wazazi walikuwa wamekwisha kujipanga. Mwaka 1949 Hal na Margaret Anyon, mume na mke wa Wellington waliokuwa na mtoto mwenye ulemavu wa Down, waliwaita wazazi wenzao wakaunda chama kilichokuja kujulikana kama IHC. Walikusanya fedha, wakafungua vituo vya mafunzo, wakapinga ripoti ya Aitken, wakadai watoto wao wakae nyumbani na kusoma karibu na nyumbani. Kati ya viongozi wa chama hicho alikuwamo J. B. Munro, mwenyewe mlemavu kwa polio, aliyewahi kuwa mbunge wa Invercargill. Yeye alitunukiwa nishani ya utumishi. Hapo heshima ilikuwa imetoka kwa wakuu wa taasisi ikafika kwa wazazi na wanaharakati. Ilibaki hatua moja.

Robert Martin alizaliwa mwaka 1957 mjini Whanganui. Koleo za mkunga ziliumiza ubongo wake wakati wa kuzaliwa, na alipofika miezi 18 akapelekwa Kimberley. Alikulia humo na katika taasisi nyingine, mahali ambapo mtoto hakuwa na nguo yake mwenyewe, ambapo kipigo kilikuwa cha kawaida na kubembelezwa kulikuwa kwa nadra. Alipotoka akiwa kijana, kulikuwa na mengi ya dunia ambayo hakuyajua, lakini alijua raga, na alijua alichotendewa. Akaanza kuwasemea wenzake mbele ya IHC, kisha mbele ya nchi. Harakati za watu wenye ulemavu wa akili kujisemea wenyewe zilikuwa zinakua. Tangu 1974 wenzao wa Oregon, Marekani, walikuwa wakifanya mikutano yao wenyewe. Martin akasafiri nchi nyingi akieneza habari hiyo.

Umoja wa Mataifa ulipoandika Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, Martin alikuwa katika vikao vya New York, akizungumza kwa niaba ya watu ambao hadi hapo walizungumziwa tu. Mwaka huohuo Kimberley ilifungwa. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo, mtu wa kwanza mwenye ulemavu wa akili kuingia humo. Lugha ya nyaraka ilibidi irahisishwe ili naye afuatilie. 

Orodha ya heshima za mwaka mpya wa 2020 ilipotoka, Robert Martin alikuwa amepewa daraja la Sir, kwa utumishi wake kwa watu wenye ulemavu. Hakuna mwenye ulemavu wa akili aliyewahi kupewa heshima hiyo kabla yake. Sir Robert alifariki tarehe 30 Aprili 2024, Whanganui kwao.

Habari hizi zinatuhusu huku Afrika Mashariki kwa sababu sisi pia tuna desturi ya nishani. Kenya hutangaza majina Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, na Tanzania imekuwa ikitoa nishani zake katika maadhimisho ya kitaifa kama ya Muungano. Orodha hujaa maofisa, wanasiasa, wanajeshi na wanamichezo. Na huduma yenyewe ipo, tena ya siku nyingi. Mwaka 1964, mara tu baada ya uhuru, Kenya iliunda kamati ya Ngala Mwendwa kuangalia malezi na urekebishaji wa watu wenye ulemavu. Tanzania ina Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Kenya ina taasisi yake ya elimu maalumu, KISE, tangu 1986. Zanzibar wazazi na watu wenye ulemavu wa akili wana jumuiya yao. Wachezaji wa Special Olympics wa Kenya na Tanzania walikuwa Abu Dhabi Machi 2019, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Mashariki ya Kati kwa mara ya kwanza, yakiwa na wanamichezo zaidi ya 7,000.

Chini ya vyuo na mashirika hayo wapo akina mama, bibi na dada wanaomwogesha, kumlisha na kumlinda mtu mzima wa miaka 30 au 40, kila siku, bila likizo na bila mshahara. Kenya hutoa ruzuku ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa zilizoandikishwa. Ni msaada, si heshima. Na Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hapo katiba imetaja heshima kuwa haki yake, wala haikuiweka kuwa zawadi ya anayemtunza.

Sheria ya Heshima za Taifa ya Kenya ya mwaka 2013 inaruhusu wananchi kupendekeza majina kwa kamati inayomshauri rais. Njia hiyo iko wazi na itumike. Mwalimu aliyefundisha kitengo maalumu kwa miaka 30 katika wilaya ya mbali anastahili kupendekezwa, na mama aliyewakusanya wazazi wenzake chini ya mwembe wakafungua darasa anastahili pia. Kamati ipokee jina, kisha ifanye ambalo Vienna haikulifanya mwaka 1975: iende kwa watu waliohudumiwa na mtu huyo, ikae nao, iwaulize kwa lugha nyepesi walitendewaje, na majibu yao yawekwe kwenye faili kabla ya sahihi ya mkubwa yeyote. Na katika orodha hiyohiyo yawemo majina ya watu wenye ulemavu wa akili wenyewe: mwanariadha aliyeiletea nchi medali, fundi aliyewafunza wenzake kazi, msemaji aliyesimama mbele ya halmashauri akadai darasa. Wapo. Wanaowajua wawapendekeze mwaka huu.